Mpiga Enduru wa Nyakashozi

Kwetu mtu akipiga enduru, unakwenda. Huulizi nani, huulizi kuna nini, husubiri kuvaa viatu. Enduru ni yowe la hatari, lile refu linalopigwa kwa koo lote mwizi anapovunja mlango au moto unaposhika nyumba, na sheria yake ni moja tu: kila mwenye miguu akimbilie kule sauti inakotoka, na chochote alichonacho mkononi. Asiyekwenda huulizwa kesho yake alikuwa wapi. Asipokuwa na jibu la maana, watu huanza kumtazama kwa jicho jingine, kwamba labda mwizi mwenyewe ni yeye. Nilizaliwa nikaikuta hivyo, na baba yangu alizaliwa akaikuta hivyo. Kwa hiyo nikisikia watu wa mjini wakisema kuwa watu wetu walikufa kwa ujinga, damu hunichemka, maana walikufa kwa kufanya walichofunzwa na mama zao, na hao wanaosema hawajawahi kukimbilia shida ya jirani hata mara moja.

Ninayetaka kumsimulia ni Placidius. Kibanja chake cha migomba na changu vimetenganishwa na safu ya miramura iliyopandwa na babu zetu kuwa mpaka, na tangu tukiwa wadogo hatujawahi kuugombania. Yeye alikuwa katekista wa Kikatoliki, mimi ni Mlutheri, na utani wetu haukuisha. Nilimwambia kwamba wao wana watakatifu wengi kwa sababu hawaaminiani na Mungu ana kwa ana. Naye alinijibu kwamba Walutheri tunaimba kwa nguvu kwa sababu hatuna la kuungama. Watu wote walimwita Mwalimu, hata sisi tusiokuwa wa kanisa lake.

Sifa yake kubwa ilikuwa maneno. Alisoma seminari ndogo miaka miwili, akarudishwa kwa sababu ambayo hakuitaja kamwe, kisha akafanya kazi Murongo, pale mpakani, akiwasaidia wafanyabiashara kuelewana na watu wa forodha. Alirudi kijijini na Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mwenyekiti. Sisi wengine Kiswahili tulikipata shuleni, na nyumbani ni Kinyambo tu; wazee wetu wengi hawana hicho cha shuleni. Basi akija muuguzi wa chanjo, au bwana shamba, au mgombea kura, aliitwa Placidius asimame kando yake. Mkewe Sperancia, mwanamke mrefu mwenye hatua ndefu kutoka Ndama, alipenda kusema kwamba mumewe amekaa kwenye midomo ya watu wengine hadi amesahau wa kwake. Alisema hivyo mbele za watu, naye Placidius alicheka.

Siku kampuni ya umeme ilipokuja, baraza lilifanyika kwenye kiwanja cha shule. Alikuja mhandisi kijana wa pwani, na pamoja naye afisa mahusiano aliyeitwa Dastan, Mhaya wa Muleba, kijana mwenye heshima anayesalimia kila mzee kwa shikamoo yake. Walitaka kujenga mtambo kwenye mto wetu, Nyakashozi, ambao unashuka mlimani kwa kishindo kabla ya kulegea na kwenda kuungana na Kagera.

Mhandisi alieleza vizuri, simnyimi haki yake. Alisema mto unapoanguka vile, nguvu yake yote inapotelea kwenye mawe. Wao watajenga ukuta mfupi kuvuka mto huko juu, si wa kutengeneza ziwa, bali wa kuyainua maji kidogo yaingie kwenye mfereji. Mfereji utapita ubavuni mwa kilima karibu bila mteremko, wakati mto wenyewe unazidi kushuka bondeni, kwa hiyo kila mfereji unapokwenda mbele, unaachana na mto na kuwa juu yake zaidi. Mwisho wa mfereji kutakuwa na tangi la kuyatuliza maji ili mchanga ukae chini. Kutoka hapo yatatumbukia kwenye bomba nene la chuma linaloteremka kilima hadi nyumba ya mitambo. Huko chini yatatoka kwenye mdomo mwembamba na kulipiga gurudumu lenye vikombe, gurudumu litazungusha mhimili, na mhimili utazungusha sumaku kubwa katikati ya nyaya za shaba. Sumaku ikizunguka ndani ya shaba, umeme unapatikana. Hakuna moshi, hakuna mafuta ya kununua, na maji yakimaliza kazi yanarudi mtoni.

Placidius aliyageuza yote hayo kwa Kinyambo, na watu wakayaona machoni. Akasimama Kokuberwa, mjane wa ng'ambo ya mto, akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo.

"Mkishautoa huo umeme ndani ya maji, yatakayobaki yatakuwa na nguvu gani ya kuotesha maharage?"

Mhandisi alipotafsiriwa alicheka. Placidius hakucheka. Alimwambia Kokuberwa: mtu akitoka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani, akifika chini autue, yeye ni mtu yuleyule, amepungukiwa na mzigo tu. Maji yanatua mzigo wa kuanguka kwake. Kokuberwa akakaa, ameridhika, na mhandisi alipoelezwa jibu hilo kwa Kiswahili alisema atalitumia kwenye vijiji vingine.

Mwisho lilikuja suala la usalama. Kati ya ule ukuta na nyumba ya mitambo, mhandisi alisema, mto utabaki karibu mkavu, kwa kuwa maji yatapita mferejini. Lakini mitambo ikisimama ghafla, au mafuriko yakija, au wao wakitaka kufungua lango ili kusafisha tope lililojaa nyuma ya ukuta, maji yatarudi kwenye njia yake ya zamani yote kwa pamoja. Kwa hiyo kabla ya hapo kitalia king'ora. Mkisikia king'ora, tokeni mtoni.

Kinyambo hakina king'ora. Tulikuwa na ngoma, filimbi, kengele ya kanisa, na enduru. Placidius alifikiri kidogo, nilimwona akifikiri, kisha akasema, "Watapiga enduru." Akaongeza na lile la pili, kwamba mtoke mtoni. Aliyasema yote mawili, nilikuwepo, naweza kuapa. Lakini neno la kwanza tulilinyonya kwa mama zetu, na hilo la pili lilikuwa limetoka kwa mgeni saa hiyohiyo. Hata Dastan, ambaye kwao Muleba enduru ni enduru, aliitikia kwa kichwa kwamba limekaa sawa. Hakuna aliyeona kosa, wala mimi sikuliona.

Walijenga. Mfereji ulipita kwenye vibanja vya watu, na kwa kuwa sisi tunazika migombani, makaburi kadhaa yalihamishwa, likiwemo la baba yake Placidius. Nguzo za kwanza zilipita juu ya migomba yetu kwenda kwingine, nasi tukakaa gizani tukizitazama nyaya. Baadaye tukapata. Sitasema uongo kwa sababu ya hasira: umeme umetufaa. Zahanati ilipata jokofu la chanjo. Wajawazito hawakuzalishwa tena kwa mwanga wa simu. Mashine ya kusaga ililetwa pale senta, ikifuatiwa na ya kukoboa kahawa, na wanawake waliokuwa wakipanda mlima na debe la mahindi kichwani wakapumua. Fundi wa kuchomelea akafungua karakana, watoto wakasoma jioni bila koroboi. Maneno haya naandika chini ya taa ya mto huohuo.

Ila mto wenyewe ulikufa kwenye kile kipande cha katikati. Samaki wadogo tuliowavua utotoni waliisha. Yakabaki madimbwi, mawe meupe na mchanga, na mahali penye mchanga watu huenda. Waliojenga walichota mchanga na kugonga kokoto, wanawake walifulia kwenye madimbwi, wengine wakapanda maharage kwenye udongo uliobaki kandokando. Kampuni iliweka mabango ya tahadhari kwa Kiswahili, yakapauka. Dastan alikuja mara kwa mara kuwafukuza watu kwa upole, wakaondoka kwa upole, na akishageuka wakarudi.

Mvua za vuli zilipoanza kwa nguvu mwaka wa kwanza, king'ora kililia kwa kweli. Kilifungwa juu ya nguzo kando ya mto, na sauti yake, ikianza chini na kupanda, ilikuwa enduru tupu. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba. Nilishika panga nikakimbia. Kila mtu alikimbia, kuteremka, kuelekea mtoni. Placidius alikuwa anafundisha watoto wa komunyo; aliwaacha akakimbia pia, yeye aliyetutafsiria kwa mdomo wake mwenyewe kwamba tutoke. Baadaye aliniambia kwamba akili yake ilikuwa inajua na miguu yake haikumuuliza.

Sperancia alikuwa akipalilia karibu kuliko sisi, na hatua zake unazijua. Alifika wa kwanza. Waliomfuata wanasema aliona kitambaa kimenasa kwenye jiwe katikati ya mto, nguo iliyosahauliwa na mfuaji, akadhani ni mtu. Aliingia na jembe lake mkononi ili amvute huyo mtu kwa mpini. Maji yalifika na mawe na magogo ndani yake. Sisi tuliokuwa nyuma tulisimama ukingoni na mapanga yetu na fimbo zetu, tumekuja kusaidia, na hapakuwa na mtu wa kumpiga. Tulimpata Sperancia upande wa chini wa nyumba ya mitambo, maji yalipokuwa yamekwisha kutua mzigo wake.

Taarifa ya kampuni ilisema marehemu aliingia eneo la hatari licha ya onyo. Ilikuwa kweli, na nilitamani kumzaba kofi aliyeisoma.

Placidius alimzika Sperancia migombani, karibu na kaburi jipya la baba yake. Akaacha ukatekista. Padri alimwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu, akajibu, "Padri, Mungu hakutafsiri." Alianza kupita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu kwamba lile si enduru, ni king'ora, lisemeni, king'ora, mkilisikia msiende, pandeni. Watu walimheshimu. Walilirudia neno mbele yake kama watoto wa komunyo, na wiki iliyofuata kilipojaribiwa, nusu yao wakajikuta kwenye njia ya mtoni, wamesimama, wanaoneana haya.

Aliomba king'ora chenyewe kihamishiwe mlimani. Dastan aliahidi kulifikisha ombi, na ninaamini alilifikisha, likafika huko mambo yanakofika yakanyamaza. Hapo Placidius aliamua. Aliniambia jioni moja, tukiwa tumekaa na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwamba miguu ya watu haifundishiki, kwa hiyo sauti ndiyo ihame. Juu ya kanisa lao kuna mwamba unaoliona bonde lote. Mlinzi wa lango, Xaveri, alikuwa kijana wa kwetu. Wakapatana kwamba akipewa amri ya kufungua, atambipu Placidius kabla ya kubonyeza kitu chochote.

Mara ya kwanza alipofanya hivyo nilikuwa bondeni, nachota mchanga wa kukandikia. King'ora kilianza kulia kando ya mto, na juu yake, kutoka mwambani, nikasikia enduru ya binadamu, ya mtu ninayemjua, ndefu, inayovunjika mwishoni. Nikakimbilia hiyo. Sote tuliikimbilia, tukipanda kilima tukihema, na tulipofika juu tulimkuta Placidius amesimama peke yake, mishipa ya shingo imemtoka, analia. Nyuma yetu maji yalipita. Watu walikaa chini kwenye majani, na Kokuberwa alimshika mikono yote miwili.

Tangu siku hiyo, kupiga enduru ndiyo ikawa kazi yake. Hakuajiriwa na mtu. Hakwenda mnadani, hakwenda harusi ya mbali, hakulala nje ya kijiji. Simu yake aliivaa shingoni kwa kamba ya viatu. Mvua au jua, Xaveri akibipu, mzee yule aliacha ugali mezani na kupanda mwamba, akapiga enduru hadi mtu wa mwisho afike juu. Hakuna aliyekufa tena mtoni miaka hiyo. Nilimtania kwamba hatimaye amekuwa mhubiri wa Kilutheri, maana watu wanamfuata kwa sauti. Alitabasamu tu, utani ulikuwa umempungua tangu Sperancia.

Jambo moja hatukuliona. Kampuni ilikijaribu king'ora kila wiki, na siku za majaribio Xaveri hakubipu, kwa hiyo Placidius hakupanda. Polepole watu waliacha kukishtukia. Kikilia, waliinua vichwa wakatega sikio upande wa mwambani. Kukiwa kimya, waliinama wakaendelea kufua. Ikawa kile cha nguzoni ni cha kampuni, na enduru ni ya Placidius. Tulijivunia hilo, kwamba tuna mtu wetu.

Kisha sauti ikaanza kumharibika. Kwanza ilikwaruza asubuhi, baadaye siku nzima. Akawa anazungumza kwa kunong'ona ili aitunze, akiiweka akiba kwa ajili ya mwamba. Alikonda. Alipopiga enduru, mwishoni ilikatika ikawa hewa, akakohoa hadi akapiga magoti. Binti yake Adventina, aliyeolewa Ndama, alikuja akamsihi aende hospitali ya Nyakahanga. Alikataa masika yote. "Mvua hizi?" alisema. "Nani atasimama?"

Kiangazi kilipofika sote tulimwandama. Mto ulikuwa uzi. Hata umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa kuwa kiangazi maji hayatoshi kulizungusha gurudumu. Kampuni iliyakusanya nyuma ya ukuta mchana kutwa ili tupate taa jioni. Nilimwambia Placidius kwamba maji ya mto huo hayawezi kumzamisha hata kuku. Xaveri mwenyewe alisema kiangazi lango halifunguliwi. Kokuberwa alimletea ndizi za safari, akamwambia, "Nenda, Mwalimu. Ukirudi na sauti, ndipo utatufaa." Akapanda bodaboda nyuma ya Adventina, anageuka kila mara kulitazama bonde.

Nyakahanga walimpokea vizuri. Waliona uvimbe kwenye nyuzi za sauti, na kulikuwa na daktari bingwa wa koo aliyefika wiki hiyo kutoa huduma, akautoa. Akamwambia asitamke neno, hata kwa kunong'ona, mpaka kidonda kipone, la sivyo sauti isingerudi kamwe. Adventina alishika amri hiyo kama amri ya Musa. Akimwona anafungua midomo alimziba.

Kumbe kiangazi ndio wakati mhandisi anaouchagua kusafisha tope. Nyuma ya ukuta lilikuwa limejaa hadi maji yaliyokusanywa hayakuwa na pa kukaa. Ilikuja amri kutoka juu: fungua lango la chini, yote yatoke, maji na tope. Na kiangazi ndio wakati bonde linapojaa watu, maana visima vimekauka, na maji yaliyobaki ni ya madimbwi.

Xaveri alibipu. Alifanya alivyozoea kwa miaka. Simu ililia juu ya kifua cha Placidius, kwenye kitanda cha hospitali, mchana, chini ya taa inayowaka bila sababu. Adventina alikuwa nje, jikoni kwa wanaouguza wagonjwa, anakoroga uji. Placidius aliliona jina. Aliinuka akamtikisa mgonjwa wa kitanda cha pili, akamwonyesha simu, akaonyesha madirishani, akaonyesha koo lake. Yule bwana aliichukua simu akaisoma kwa makini.

"Huyu amekubipu tu, mzee," alimwambia. "Hana salio. Atakutafuta tena."

Alitoka na shuka la hospitali hadi jikoni. Adventina alipoona jina la Xaveri alielewa, akaacha mwiko kwenye sufuria. Alimpigia mtu aliyekaa karibu kabisa na mto, Evaresta, binti yake Kokuberwa, ambaye walisoma naye darasa moja. Simu iliita. Aliipiga tena, ikaita. Baadaye tuliikuta juu ya kitanda chake, na jina la Adventina limejipanga kwenye kioo kutoka juu hadi chini.

Nilikuwa kwenye kahawa yangu niliposikia kile cha nguzoni. Nilitega sikio, nikasikia kimya, nikaendelea kuanika. Kila mtu kijijini alifanya vivyo hivyo. Kisha zikaja sauti nyingine, za watu wengi, na hizo zilikuwa enduru za kweli. Tulikimbia. Bonde lilikuwa linateremsha tope jeusi, zito, linalonuka, na ndani yake beseni na kanga. Watatu walikufa. Wawili walikuwa mume na mke waliokuwa wakigonga kokoto. Wa tatu alikuwa Evaresta.

Placidius alirudi siku ya pili ya msiba, koo limefungwa kitambaa, Adventina kamshika mkono. Nilitoka kumpokea njiani kwa sababu sikutaka aingie peke yake, na kwa sababu niliogopa watu. Nilidhani mtu atamtukana. Laiti angetukanwa. Watu walisimama, wakampisha, vijana wakamwamkia kwa heshima ileile ya siku zote, mmoja akamletea kigoda.

Hakukaa. Alikwenda hadi kwenye nyasi zilizotandazwa ndani, alipokuwa amekaa Kokuberwa na wanawake wa ukoo, akapiga magoti mbele yake. Kokuberwa alikuwa mtoni siku ile. Alikuwa ukingoni, anafunga kifurushi cha nguo, ndiyo maana yuko hai. Macho yake yalikuwa makavu. Alimtazama Placidius muda mrefu bila chuki, nami naapa hapakuwa na chuki yoyote, alimtazama kama mtu anayetoa taarifa kwa mwenye kuhusika.

"Kile cha kampuni tulikisikia," alisema. "Tukasimama wote. Wale wa kokoto wakaacha kugonga. Evaresta akasema, nyamazeni, tumsikilize Mwalimu. Tukanyamaza, waitu, mtu wetu. Tulikusikiliza."

Placidius alifungua kinywa. Adventina akamwekea kiganja mdomoni, kwa sababu daktari alikuwa amekataza.